Gari Lililomkonyeza Mama Mkwe

Gari langu lina taa za mbele zinazolala. Usipozihitaji, zinajifunika ndani ya boneti, na mtu asiyejua anaweza kudhani limetoka kiwandani bila macho. Ukiwasha swichi, vifuniko viwili vinanyanyuka, kimoja kila upande, taa zinachomoza, kisha ndiyo zinawaka. Magari ya namna hiyo hayatengenezwi tena, na hapa Mwanza sidhani kama yamebaki mengi. Nililinunua kwa mtu wa Usagara aliyekuwa amelichoka, wakati huo nikiwa kijana fundi cherehani mwenye mashine moja na kiti kimoja pale Igogo. Nililipenda kwa ajili ya taa hizo tu. Habari za injini sikuuliza, na kwa kutouliza huko nimelipa miaka yote hii.

Aliyekuja kuwa mke wangu ndiye aliyesema kwamba gari linaamka. Hakusema washa taa, alisema liamshe. Jioni tukiwa tunatoka kwenye mazoezi ya kwaya alikuwa anasimama mbele ya gari makusudi, amekumbatia mkoba wake, asubiri vifuniko vinyanyuke ndipo apande. Tatizo ni kwamba jicho la kushoto lilikuwa vivu tangu siku ya kwanza. La kulia likiamka, la kushoto linafikiria kwanza. Siku nyingine linaamua hapana.

Siku niliyokwenda kujitambulisha kwao, liliamua hapana. Kwao ni Majita, upande wa Musoma, kijiji kilichoingia ziwani kiasi kwamba kila unapogeuka unaona maji. Nilikwenda na baba mdogo, tukachelewa njiani, tukafika giza linaingia. Wazee wamekaa nje wanatusubiri. Ili nione njia kati ya mihogo nikawasha taa. La kulia likachomoza likawaka, la kushoto likabaki limefumba, na mwanga wote ukaenda kumwangukia mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alijifunika uso kwa kitenge, akageuka, akaingia ndani.

Alikuwa mama mkwe wangu mtarajiwa. Alichokisema huko jikoni niliambiwa baadaye na binti yake, tena kwa kucheka mpaka machozi: "Gari la huyo mtu halina adabu. Limenikonyeza."

Ili uelewe uzito wake, inabidi ujue kwamba kwa watu wa kule mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mkono. Hawaangaliani usoni. Hawali pamoja, hawakai kwenye kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja anakata kona. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa mjini, na nina marafiki wanaowakumbatia mama wakwe zao stendi ya Buzuruga mchana kweupe. Mama mkwe wangu hakulegeza. Kati yake na mimi kulikuwa na salamu tu. Nilikuwa nasema shikamoo mama nikiangalia chini, naye anasema marahaba akiangalia ukuta, na mengine yote yakapitia kwa binti yake. Mwambie mama dawa hizi hapa. Mwambie baba fulani asante. Hata nilipokuwa namwendesha, yeye alikaa kiti cha nyuma, upande wangu, mgongoni kwangu kabisa, na mimi nilikigeuza kioo cha ndani kikaangalia dari ili macho yetu yasije yakakutana. Nimeendesha hivyo kutoka Musoma mpaka Mwanza, kwa vioo vya pembeni na maombi.

Nasema haya kwa utani, lakini nilimpenda mama yule. Nilimpenda kwa jinsi mtu anavyoweza kumpenda mtu ambaye hajawahi kumwona vizuri.

Mke wangu alipoanza kuugua, mama yake alikuja kumuuguza. Tukampa chumba cha uani, chenye mlango wake, ili adabu zake zisipate tabu. Yeye ndiye aliyepika, aliyefua, aliyemgeuza mgonjwa ubavu. Nyumba ilikuwa na huzuni lakini ilikuwa na sauti, kwa sababu mke wangu hata akiwa amelala aliendelea na kazi yake ya kupeleka maneno. Mama anasema ule kwanza. Mume wangu anasema usibebe ndoo hiyo.

Kisha mke wangu akafariki, na nyumba ikanyamaza.

Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Unapofiwa unategemea kulia, unategemea kitanda kikubwa, unategemea nguo zake kwenye kamba. Sikutegemea kwamba watu wawili waliokuwa wakimpenda kuliko wote watabaki kwenye uwanja mmoja bila njia ya kuambiana chakula kimeiva. Mwanangu wa pekee anafanya kazi Mbeya, alikuja kuzika akarudi. Tukabaki sisi, na paka.

Basi akaanza kumtumia paka. Siku ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimekaa sebuleni na kipande cha suruali mkononi nisichokishona, nikamsikia kule uani, sauti ya kawaida kabisa: "Paka, mwambie mkwe chai imemiminwa." Nikatoka, nikakuta kikombe juu ya meza ndogo na mama ameshaingia chumbani kwake. Paka amekaa pale anajilamba, hana habari na utumishi wake. Kesho yake na mimi nikasema, "Paka, mwambie mama nimeleta sato." Tukaishi hivyo. Mtu akitusikia angesema tumerukwa na akili, na labda siku zile asingekuwa mbali na ukweli.

Lakini kuna maneno ambayo huwezi kumpa paka.

La kwangu lilikuwa hili. Siku ile mke wangu alipofariki hospitalini, mimi ndiye niliyekuwa pale. Mama yake alikuwa amekwenda nyumbani kupika uji. Mke wangu aliniachia neno la mwisho, nalo lilimhusu mama yake, na mimi sikuwa nimelifikisha. Ningelipitisha kwa nani? Neno la namna ile humpi jirani akuchukulie. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipokuja msibani nilijaribu kumwambia, nikaishia kumuuliza habari za safari. Mtu pekee ambaye angeweza kulibeba neno hilo kutoka kwangu hadi kwa mama ndiye tuliyekuwa tumemzika. Nikalala nalo, nikaamka nalo.

Ndipo ujumbe ukaja kutoka Majita. Wazee walisema msiba umeisha, binti hayupo tena, si vizuri mama mtu mzima aendelee kukaa nyumbani kwa mkwe. Nimrudishe. Walisema kwa upole na walikuwa na haki, na mimi nikajibu kwenye simu kwamba nimesikia, Jumapili tutakuja. Nikakata simu, nikakaa kwenye mashine yangu nikashona mguu mmoja wa suruali nje ndani. Sikutaka aende. Nilitaka nisikie ufagio wake asubuhi. Lakini mkwe hana mdomo ukweni, na ningemwambia nani anisemee?

Kwa hiyo nikafanya ambacho wanaume wengi hufanya wakishindwa kusema: nikaenda kushughulika na gari.

Tulikuwa tunatakiwa kuondoka alfajiri, giza likiwapo bado, ili tuwahi kikao cha wazee mchana. Jicho la kushoto sasa lilikuwa halisikii kabisa. Ukiwasha, mota yake inanguruma ndani, kifuniko kinatikisika kidogo kinaacha. Trafiki asingetuacha tupite na jicho moja. Nikalipeleka kwa fundi mmoja, kijana mwenye ovaroli safi kuliko kawaida. Akaliangalia, akaguna, akasema, "Mzee, nunua mota nyingine Dar, mtumba, usubiri ije. Au tuzichomelee hizi taa zikae juu moja kwa moja. Kuinuka na kulala, kuinuka na kulala, ya nini?"

Mimi nina hasira za karibu, niliyemuoa alilijua hilo na kijana yule hakulijua. Nilimwambia kama kazi imemshinda aseme imemshinda, lakini gari langu halilali macho wazi kama samaki wa kwenye barafu. Nikaondoka nikiwa nimeacha bisibisi yangu kwake, na kwa kiburi sikurudi kuichukua.

Nyumbani nikavaa nguo kuukuu nikafungua mota mwenyewe. Nikachomoa kwanza waya wa betri, maana kifuniko kile kikishuka na kidole kimo, kidole si chako tena, na fundi cherehani bila vidole atakula nini. Mota ina skrubu tatu, nikazifungua kwa bisibisi ya cherehani. Ndani kuna gia, na katikati ya gia kuna vijumba vitatu vidogo ambavyo vinatakiwa kuwa na vipande vya plastiki ngumu vya kubeba nguvu. Vyangu vilikuwa vimesagika vikawa unga. Ndiyo maana mota ilikuwa inazunguka na kelele zake zote bila kuinua kitu. Hakukuwa na haja ya kuagiza chochote Dar.

Nikachukua kipande cha mpira wa petroli, ule mweusi mgumu, nikakipima kwa futi yangu ya kushonea, nikaweka alama kwa chaki ya nguo, nikakata vipande vitatu kwa wembe. Viliingia kwenye vijumba vyake vikakaa vizuri, na nakiri nilijisikia fundi. Nikapaka grisi. Nikasugua vichwa vya waya kwa msasa mpaka vikang'aa. Halafu kwenye mkono wa chuma unaosukuma kifuniko, pale palipokuwa pamelegea panagonga, nikaweka washa mbili, vile vipete vya kuziba nafasi, nilizokata kwenye soli ya kandambili. Kandambili ilikuwa ya mke wangu, mguu mmoja, mwenzake ulipotea zamani. Niliishika kwa muda kabla sijaikata. Nikaona angecheka, nikakata.

Nikarudisha waya wa betri, sasa ikabaki kujaribu, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja lazima akae ndani awashe, mwingine asimame mbele aone mkono unakwendaje, arekebishe nati, aseme tena. Jirani wa kulia alikuwa amekwenda harusini, wa kushoto yuko kwaya. Basi nikawa nawasha swichi, natoka mbio, nafika mbele nakuta kifuniko kimeshasimama nusu njia, sijaona kimekwamia wapi. Narudi nazima. Nawasha, nakimbia. Jua la Igogo likinichapa juu ya mawe yaliyojaa mtaani kwetu.

Mama alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo, amenipa mgongo kama kawaida.

"Paka," akasema, "mwambie mwenye gari anakimbia bure. Mtu mmoja hawezi kuwa jikoni na sebuleni."

"Paka," nikasema huku nahema, "mwambie mama sina mtu."

Mkono wake ukaendelea na dagaa. Kisha akasema, "Paka, muulize. Hilo bati alilolinyanyua hapo mbele, mtu akikaa kwenye usukani, anamwona aliye nyuma yake?"

Nilisimama na spana mkononi. Nikaenda nikakaa kwenye kiti cha dereva nikatazama mbele. Boneti ilikuwa imenyanyuka na kuziba kioo chote. Huoni kitu ila chuma na rangi iliyobabuka.

"Paka, mwambie mama hamwoni."

Nikarudi mbele, nikainama nyuma ya boneti kabisa. Nikasikia ungo ukiwekwa chini, kandambili zikipita mbali, zikizunguka kwa nyuma ya gari, mlango wa dereva ukifunguka. Gari likainama kidogo upande mmoja. Paka alikuwa amebaki kwenye dagaa, na hakuna aliyemkataza.

"Swichi ni ipi?" akauliza mama mkwe wangu. Aliniuliza mimi. Katika miaka yote ile, lilikuwa swali lake la kwanza kwangu ambalo halikupitia kwa mtu.

"Hicho kijiti cha mkono wa kulia, mama. Unakizungusha. Lakini bado, mkono wangu uko ndani. Usikiguse mpaka niseme mkono nje."

"Nimesikia. Sikigusi."

Tukaanza. Nikisema mkono nje, anazungusha, mota inanguruma, kifuniko kinapanda kinakwama. Namwambia azime. Naingiza vidole, nalegeza nati, nasogeza. Mara ya tatu au ya nne akawa hazungushi hata baada ya mimi kusema.

"Vidole vyako vyote viko nje?"

"Viko nje, mama."

"Vihesabu."

Mtu mzima mwenye mvi, nikasimama nikahesabu vidole vyangu. "Vimetimia."

"Haya."

Sauti yake haikuwa kama nilivyoizoea. Miaka yote nilikuwa nimeisikia ikienda kwa mtu mwingine, ikipita pembeni yangu. Ikija moja kwa moja ilikuwa nyembamba zaidi, na ilikuwa na kitu cha binti yake pale mwishoni mwa maneno. Ilibidi niache kufunga nati kwa muda.

Kumbe na yeye alikuwa na la kwake. Nilikuwa nimeingiza mkono wote kwenye mota natafuta washa iliyoanguka, aliposema, "Siku ile nilikwenda kupika uji."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Nimerudi, wameshamfunika. Sijamuuliza mtu. Ningemuuliza nani, na wewe ndiye uliyekuwepo." Nikasikia kiti kikilia chini yake. "Alisema neno?"

Nilikuwa nimeliwaza swali lile kila usiku, nikipanga nitakavyolijibu siku nitakayopata mjumbe. Sasa limekuja na mikono yangu ina grisi mpaka viwikoni, na yote niliyoyapanga yamenitoka.

"Alisema nikufuate na gari," nikasema. "Alisema, mfuate mama na gari, asije kwa boda, mvua inataka kunyesha. Nikamwambia nitaondoka sasa hivi, dripu hii ikiisha. Hakungoja iishe."

Nikamsikia analia, si kwa sauti, ila kama mtu anayejaribu kupumua ndani ya kitenge. Na mimi nikalia. Niliegemea pale kwenye taa nikalia kama sikuwahi kulia msibani, maana msibani nilikuwa na wageni. Boneti ilikuwa katikati yetu, na niliishukuru.

Baada ya muda mrefu akasema, "Na kweli ilinyesha."

"Ilinyesha, mama."

"Nililoa, mimi na uji."

Nikajikuta nacheka na kulia pamoja, na nadhani na yeye. Halafu, kwa kuwa nilishaanza na mlango uko wazi, nikasema la mwisho. "Mama, wazee wameniita nikurudishe, na nitakupeleka. Lakini mimi sitaki uende."

Nikasikia kijiti cha swichi kikiguswa taratibu bila kuzungushwa.

"Mkono uko wapi?" akauliza.

"Uko nje."

"Basi nawasha."

Kifuniko kikapanda. Hakikutikisika, hakikugonga, kilipanda polepole mpaka juu kikasimama sambamba na mwenzake, na taa zote mbili zikawaka mchana ule wa jua kali. Nikamwambia macho yameamka yote mawili. Akasema usifunge hilo bati mpaka nifike ndani, na nilisubiri mpaka niliposikia mlango wa uani.

Alfajiri tuliondoka. Mama nyuma yangu, kioo cha ndani kinaangalia dari, na kando yake kuku mmoja mwekundu, amefungwa miguu, zawadi ya wazee. Paka tulimwacha kwa jirani. Nilikuwa nimetegemea, sijui kwa nini, kwamba baada ya jana tutaongea. Lakini bila lile bati adabu zilikuwa zimerudi mahali pake. Tulipita Buzuruga kimya, Kisesa kimya. Trafiki mmoja alitusimamisha kabla ya Magu, akataka niwashe taa. Zikachomoza zote mbili. Akatabasamu akaniambia nizime niwashe tena, si kwa sheria, alitaka tu kuona.

Nilipoongeza mwendo kule mbele, nikasikia nyuma yangu: "Kuku, mwambie dereva apunguze. Hakuna anayetukimbiza."

Nikapunguza. Nilitamani kupunguza zaidi, barabara ile iishie popote isipokuwa kule inakokwenda.

Kikao kilikuwa kizuri, na ndicho kilichoniumiza. Baba mkubwa wa mke wangu alinishukuru kwa kumtunza mgonjwa na kwa kumrudisha mama akiwa mzima. Nyumba ya mama ilikuwa imefagiwa, ukuta umesiribwa upya. Kuku akachinjwa. Mimi nikakaa upande wa wakwe, nikala nilichopewa, nikasema asante panapotakiwa asante. Sikusema lile nililolisema nyuma ya boneti. Giza lilipoingia shemeji akanipeleka kwake kulala, wazee wakabaki na mama wakizungumza ya kwao. Nilisikia ziwa mpaka usingizi uliponichukua.

Kesho yake walinishikilia nile kwanza, ikawa alasiri ndipo nikaruhusiwa kuondoka. Nilikuwa nimeshajipanga nitasema kwaheri nikiangalia chini, yeye atasema haya akiangalia ukuta, na ndiyo itakuwa imekwisha. Nikamtafuta mlangoni kwake, hayupo. Jikoni hayupo. Nikaona haya kuuliza. Nikaenda kwenye gari kuweka begi langu.

Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, upande wa dereva, kitenge kichwani, kikapu chake mapajani, anatazama mihogo.

Shemeji alikuja akasimama kando yangu. "Mama alisimama jana ukiwa umelala," akaniambia. "Kasema marehemu aliacha neno, kwamba afuatwe na gari. Wazee wakamuuliza, sasa gari limekuja? Kasema limekuja." Akainua mabega. "Neno la marehemu nani atalipinga? Halafu kasema gari lenyewe ni la watu wawili, ukiachwa peke yako utakufa njiani gizani. Mimi hiyo sijaielewa. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli. Nilishika paa la gari kwa mikono yote miwili, nikakaa hivyo mpaka nikaweza kuona vizuri, kisha nikaingia, nikahakikisha kioo kinaangalia dari, nikawasha injini.

Tulipofika karibu na Lamadi jua lilikuwa limezama na ziwa upande wa kulia limeanza kuwa jeusi. Nikazungusha swichi. La kulia likaamka. La kushoto likapanda nusu, likatikisika, likaacha. Bila shaka ni ile washa ya kandambili, niliikata nyembamba mno. Nikaegesha pembeni, nikanyanyua boneti, nikaingiza mkono. Nilikuwa najiuliza nitamwambiaje. Paka yuko Igogo. Kuku tumemla.

Nikasikia mlango wa nyuma unafunguka, kandambili kwenye kokoto, mlango wa mbele. Gari likainama kidogo upande mmoja.

"Gari lako bado halina adabu," mama akasema kutoka nyuma ya bati. "Mkono uko wapi?"

"Uko nje, mama."

"Vihesabu vidole."

Nikavihesabu.